Redio kaseti ya zamani hapa Nairobi: kununua, kufufua na kusikia kaseti za nyumbani kabla hujaambiwa "ni belti tu"

Siku hizi kila mtu anataka redio kaseti ya miaka ya themanini, zile kubwa za sipika mbili na mkono wa kubebea juu, na ukiwauliza wengi ni ya nini unapata ni ya kuweka kwa shelfu nyuma ya kamera. Ni sawa tu, lakini kama ni urembo unatafuta huhitaji maelezo yangu, chukua yenye plastiki safi ulipe uende. Hii nawaandikia wale wanataka kuisikia ikicheza, na pengine wako na kaseti mahali, kwa sanduku la mama ama kwa stoo ya ushago, ambazo hakuna mtu amezisikia tangu simu ziingie.

Msimamo wangu ni huu na nitaurudia mpaka mnichoke: usinunue redio kwa sura wala kwa jina, nunua deki yake, ile mashini ya ndani inayozungusha kaseti. Sura itakudanganya. Kuna redio imekwaruzwa, imefungwa mkono na waya, antena imekatika, na deki yake inazunguka vizuri kabisa kwa sababu ilitumiwa kila siku, na kuna nyingine inang'aa kama jana lakini ilikaa miaka ishirini kwa kabati na raba zote za ndani zimeyeyuka. Hizi vitu zimedumu kwa sababu moja kubwa, zilifungwa kwa skrubu. Sipika ya bluetooth ya leo imegandishwa kwa gundi, betri ikikufa umeitupa. Redio ya 1984 unatoa skrubu chache za nyuma na kila kitu kiko hapo mbele yako, mota, belti ya raba inayozungusha deki, hedi inayosoma utepe, bodi ya umeme, na kila kimoja kinatoka na kurudi.

Historia kidogo, juu itakusaidia kwa kununua

Kaseti ni ya Philips, ilitoka 1963, kazi ya timu ya Mholanzi Lou Ottens aliyefariki 2021, na mwanzoni ilikusudiwa kurekodi watu wakiongea, muziki ulikuja baadaye. Philips wakakubali kampuni zingine ziitengeneze bila kulipia leseni na hapo ndipo ikawapiku wenzake, ndiyo maana mpaka leo kaseti yoyote inaingia kwa deki yoyote, ya Japani kwa redio ya Uholanzi, ya kurekodiwa River Road kwa Sanyo ya babu. Sony wakaleta Walkman Julai 1979 na wakauza zaidi ya Walkman milioni 200 za kutumia kaseti kabla ya kusimamisha kuitengeneza Japani 2010. Lakini hapa kwetu Walkman ilikuwa ya yule mwenye mjomba majuu. Nyumba nyingi zilikuwa na redio moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na mtoto akiigusa anajua kitamfika nini. Kama hiyo ya kwenu ilinunuliwa kabla ya Agosti 1982 basi pengine ndiyo iliyowaambia wazee ile asubuhi ya Jumapili ati serikali imepinduliwa.

Majina pia yanakusaidia kukisia umri. Ukiona imeandikwa National Panasonic ama National peke yake hiyo ni ya zamani, kampuni mama ilikuwa Matsushita na iliacha jina hilo ikajiita Panasonic mwaka wa 2008. Sanyo nayo ilimezwa na hao hao Panasonic. Kuna modeli zinazoabudiwa na mashabiki huko nje kama JVC RC-M90 na Sharp GF-777, na siku hizi muuzaji wa Nairobi ako na intaneti kama wewe, akikuta ako na moja wapo atakutajia bei ya Marekani bila aibu. Achana nazo. Redio ya kawaida ya Sanyo, National ama Philips, ya vifungo vya chuma vile vya kubonyeza mpaka vinalia "kla!", itakutumikia vizuri zaidi na fundi yeyote anaielewa.

Mtu ataniuliza mbona nasukuma redio na si TV ya Great Wall, ile nyeusi na nyeupe ya inchi 14 iliyokuwa inawashwa na betri ya gari mtaa mzima unajaa kwa nyumba moja. Jibu ni rahisi, mitambo ya TV ya analogi ilizimwa mwanzoni mwa 2015 na tangu hapo Great Wall bila kisimbuzi na vibadilishi ni theluji tu. FM bado ni analogi. Redio ya miaka arobaini unaiwasha leo na inashika taarifa ya habari ya saa saba bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nokia 3310 nazo ni tamu, ila kupata betri yake halisi hapa tao ni hadithi ya siku nyingine.

Pa kutafuta

Anza na familia. Sisemi hivi kwa hisia, ni kwa sababu redio ya shosho ina historia unayoijua: nani aliinunua, ilianguka lini, fundi gani aliigusa. Piga simu ushago uulize, na uulize kwa heshima, "shosho, ile redio ya guka bado iko?", usiende tu ukaitoa kwa shelfu. Mara nyingi utaambiwa iko lakini imekufa, na ukifika unapata imekufa betri.

Gikomba unaweza kubahatisha, Toi pia, lakini huko nyingi zinakuja kama mzigo wa mtumba na hakuna mtu amezijaribu, kwa hivyo bei iwe ya kitu kilichokufa hata kama muuzaji anaapa. Luthuli na River Road ndiko kuna mafundi na spea, na fundi wengi wako na redio chini ya meza ambazo wenyewe hawakurudi kuchukua, hizo ndizo mimi napenda kwa sababu unaikuta imeshafunguliwa unaona matumbo. Ukitaka kaseti zenyewe na santuri, Kenyatta Market kuna kibanda cha santuri ambacho watu wanatoka mbali kuja kukiona, na hata usiponunua kitu utapata mtu wa kuongea naye. Mtandaoni ziko tele ila sharti langu ni moja, video ikicheza kaseti, picha hapana.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Enda na mawe yako. Redio nyingi kubwa zinatumia betri za D, yale mawe makubwa, sita ama nane. Kila moja ni volti 1.5 kwa hivyo sita ni volti 9 na nane ni 12. Enda pia na kaseti moja ambayo ikiliwa hutalia, usibebe ya harusi ya wazazi kwenda kujaribia Gikomba tafadhali. Nzuri ni yenye gitaa la benga lile la juu, juu hedi chafu inaua sauti za juu kwanza na gitaa likisikika kama liko chini ya blanketi umeshajua.

Mazungumzo yatakuwa haya:

"Boss, upande wa kaseti unacheza?"

"Unacheza kabisa mkubwa, ni belti tu."

Hiyo "ni belti tu" inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa mota imeungua, gia imevunjika meno, ama hakuna deki kabisa. Kwa hivyo mwambie ni sawa, kisha fanya hivi. Washa redio kwanza, zungusha volyumu pole pole mpaka mwisho. Ikikwaruza ni uchafu, si kesi. Ikiwa sipika moja imenyamaza, cheza na kile kifungo cha balansi kabla hujaihukumu. Redio ikiongea vizuri ujue bodi na sipika ziko hai, na hiyo ni nusu ya kazi.

Halafu fungua mlango wa kaseti, bila kuweka kaseti, bonyeza plei na uangalie. Kuna kijiti chembamba cha chuma kinazunguka, na kuna kigurudumu cha raba nyeusi kinakuja kukibana. Hao wawili ndio wanavuta utepe, sentimita 4.76 kila sekunde, deki za redio za kawaida zote ni hiyo spidi. Kisha angalia ile spuli ya mkono wa kulia, lazima izunguke, yenyewe ndiyo inakusanya utepe ulioshavutwa. Weka kidole kidogo uishike, unapaswa kuhisi inakusukuma kwa upole. Kama kijiti kinavuta na spuli ya kulia imelala, utepe unakosa pa kwenda unamwagika ndani ya mashini, na hapo ndipo tunasema redio imekula kaseti. Sasa unaelewa kwa nini sikutaka ubebe ya harusi.

Jaribu na riwaindi na fowadi. Zikikataa zote tatu lakini unasikia mota ikinguruma, belti imekwisha, hapo muuzaji amesema ukweli na unaweza kumlipa kama mtu mkweli. Mota ikiwa kimya kabisa na redio inaongea, punguza bei sana ama utoke.

Kitu kingine muhimu sana siku hizi, hakikisha nyuma ya mlango wa kaseti kuna deki. Kuna mtindo fundi anatoa deki yote anaweka kale kabodi ka USB na memori kadi kenye taa za rangi, anafunga mlango, na redio inauzwa kama mzima. Kwa mwenye alitaka nyimbo za flashi hiyo ilikuwa huduma nzuri, simlaumu fundi, lakini wewe umekuja kutafuta kaseti.

Mwisho fungua pale pa betri. Ukiona unga mweupe ama kijani kwa springi, mawe yalisahauliwa humo yakavuja. Na redio zetu zina dhambi hii sana sababu ya ile tabia ya kuanika mawe juani ndiyo yatoe taarifa ya habari moja zaidi, yale ya paka ya Eveready, hata kiwanda chao cha Nakuru kilishafungwa 2014. Unga kidogo unatoka kwa pamba na siki, halafu unapangusa na spiriti unaacha ikauke. Lakini kama springi zimelika zimekatika na kutu imepanda kwa nyaya kuelekea kwa bodi, hiyo waachie.

Ya Japani na umeme wake

Hapa watu wanaumia. Redio iliyotengenezewa soko la Japani, yenye maandishi ya Kijapani kila mahali, FM yake kawaida ni 76 mpaka 90. Ni shida ile ile ya magari ya kutoka Japani, kila mwenye gari Nairobi anaijua. Stesheni zetu ziko 88 mpaka 108: Capital 98.4, Kiss 100.3, Classic 105.2, Radio Citizen 106.7, zote ziko nje. Utabaki na mwanzo tu wa masafa yetu. Kuna chache za huko huko zinafika 108 kwa sababu zilikuwa zinashika pia sauti ya TV zao, kwa hivyo usiangalie nchi, angalia namba kwa dayo, pale pa kutafutia stesheni. Ukiona inaishia 90 na unaitaka kwa kaseti tu, ni sawa, ila bei ishuke.

Umeme nao: Japani ni volti 100, Marekani 120, hapa kwetu 240. Ukichomeka ya Japani moja kwa moja kwa soketi ya ukutani utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Redio zilizotengenezewa kuuzwa nje mara nyingi zina kiswichi nyuma ama ndani ya pale pa betri chenye 110, 127, 220, 240. Kiweke kwa 240, ama 220 kama hakuna 240, KABLA ya kuchomeka, na uangalie kwa macho yako, usiulize mtu. Isiyo na kiswichi inahitaji transfoma ya kushusha, ama uitumie na mawe tu.

Na wale wa sola: redio ya mawe nane ni ya volti 12 na inavutia kuiunganisha moja kwa moja na betri ya sola, lakini betri hiyo ikichajiwa inapanda kupita 14, kwa hivyo pitisha kwa kishusha volti. Kwa tundu la kuingiza umeme angalia kale kachoro ka duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa, redio nyingi za zamani katikati ni hasi, kinyume na adapta nyingi za leo. Ukigeuza unaweza kuua bodi kwa sekunde moja. Mimi napimaga na mita hata kama niliitumia jana.

Kuifungua

Unahitaji bisibisi ya nyota, vijiti vya pamba vya masikio, isopropili ya kutoka kemisti, na kama huipati basi spiriti ya kawaida isiyo na mafuta wala rangi, mafuta ya cherehani, na simu ya kupiga picha. Chomoa kwa ukuta kwanza, toa mawe, acha ikae kidogo juu kuna kapasita zinashikilia umeme. Piga picha kila hatua. Skrubu zibandike kwa karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kuna ndefu na fupi na ukirudisha ndefu mahali pa fupi inatoboa kitu.

Kabla ya kufungua yote lakini, anza na kusafisha kupitia mlango wa kaseti, mara nyingine unapona hapo hapo. Lowesha kijiti kidogo, sugua hedi mpaka kijiti kisitoke na rangi ya kahawia, hiyo kahawia ni unga wa chuma wa kaseti za watu wa 1985. Sugua kile kijiti cha chuma kinachovuta. Kigurudumu cha raba kisugue ukikizungusha, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, maana kikiwa na utelezi ndicho kinapeleka utepe kando na kuula. Redio nyingi zinazosemekana zinakula kaseti zilikuwa na uchafu hapo na hakuna kingine.

Belti sasa. Raba ya zamani inaweza kufanya mambo mawili, kulegea ama kuyeyuka ikawa lami. Ikiwa lami vaa glavu na utoe na kijiti cha meno, kisha pangusa pulii zote na isopropili mpaka zing'ae, lami ikibaki hata kidogo belti mpya itaruka na muziki utayumba kama mlevi. Ukubwa wa belti unaupata hivi: chukua uzi, uzungushe pale belti inapopita kwenye pulii zote, upime urefu, halafu utafute belti iliyo fupi kidogo kuliko hapo, kama asilimia tano. Ikibana sana inaua mota, ikilegea inateleza. Angalia pia kama ya zamani ilikuwa bapa ama ya mraba. River Road mafundi wako na makopo ya belti za kila saizi na watakuachia ujaribishe ukienda na redio yenyewe.

Na usiweke rababendi ya kufungia noti. Najua itazunguka. Itazunguka wiki mbili sauti ikiwa ya mtu mwenye mafua, kisha ikauke ikatike, na muuzaji wa hiyo redio baadaye atasema nini? Ni belti tu.

Mafuta ya cherehani ni tone moja pale kijiti cha chuma kinapoingilia kwa kitako chake, tone moja, na usiguse belti wala raba. Vifungo vikikwaruza nyunyiza dawa ya kusafisha kontakti ya umeme, ile ya kutoa kutu kwa bolti za gari sio hiyo, kisha zungusha volyumu mara nyingi. Kuna swichi ndefu ndani inayobadilisha kati ya plei na rekodi, hiyo watu wengi hawaijui na ndiyo inaleta kelele za ajabu na kupotea kwa upande mmoja. Nyunyiza hapo pia, weka kaseti usiyoijali ambayo ndimi zake za nyuma hazijavunjwa, maana bila hiyo rekodi kwa kawaida haibonyezeki, kisha bonyeza rekodi na stopu tena na tena.

Spidi ikiwa si sawa, mtangazaji anaongea kama katuni ama kama amelala, kuna katundu kadogo nyuma ya mota na ndani kuna skrubu ndogo ya kurekebisha. Geuza kidogo sana na bisibisi ya plastiki huku ukisikiliza wimbo unaoujua kutoka kwa simu kando. Na karibu na hedi kuna skrubu moja yenye springi, hiyo inainamisha hedi. Kama umeshasafisha na sauti bado imezibwa, cheza kaseti ya dukani na uigeuze kidogo kushoto kulia mpaka sauti za juu zifunguke. Weka alama ya rangi ya kucha mahali ilikuwa kwanza, utashukuru.

Kwa fundi

Ukiona kapasita zimevimba, transfoma inanuka ama waya umekatika kwa bodi na hujui kuchomelea, mpelekee fundi, hakuna aibu. Mwambie wazi unataka deki ibaki na isiwekwe USB, sema hivyo mara mbili, juu ukiacha redio na kwenda lanchi unaweza kurudi ukute taa za rangi. Omba akurudishie spea za zamani akibadilisha, na kama anakubali kaa hapo hapo kwa stuli, mafundi wazee wa redio wanapenda mtu wa kuwauliza maswali na utatoka umejifunza kuliko haya yote nimeandika. Ukitaka bluetooth kwa lazima, angalia kama redio ina tundu la kuingizia sauti nyuma, ama tumia ile kaseti ya waya ya kuunganisha simu iliyokuwa ya magari. Ndani inabaki nzima.

Shortwave, yale masafa ya stesheni za mbali, nayo isikuvunje moyo. Tao imejaa kelele za chaja na taa za LED, ukitaka kuijaribu ibebe ushago usiku.

Kaseti zenyewe

C60 inacheza nusu saa kila upande, C90 dakika 45, C120 saa nzima, na hiyo tofauti wanaipata kwa kupunguza unene wa utepe. Wa C60 ni karibu maikroni 16 mpaka 18, wa C90 kama 12, wa C120 kama 9. Kwa hivyo C120 inaliwa haraka, inavutika, na kama shangazi alirekodi harambee nzima kwa C120 hiyo usiicheze kwa redio ambayo haijathibitishwa na kaseti zingine kadhaa kwanza.

Kaseti iliyokaa miaka usiikimbize moja kwa moja kwa plei. Iangalie kwa dirisha lake. Ukiona unga mweupe kwa kingo za utepe ni ukungu, na za Mombasa zinapatwa zaidi sababu ya ile hewa ya bahari, hiyo ukiicheza inachafua hedi na kuambukiza zingine, itenge. Ikiwa safi, ingiza biro ya Bic kwa tundu, zungusha kidogo uone kama inasonga, kisha ipeleke fowadi mpaka mwisho na riwaindi mpaka mwanzo ndiyo utepe ulegee na ujipange upya. Hapo sasa plei.

Ukifungua na uone kale kaspanji kadogo nyuma ya utepe katikati kameanguka, sauti itakuwa inakuja na kupotea. Dawa yake ni kutafuta kaseti mbovu yenye skrubu tano kwa ganda, utoe utepe wake, uhamishe ule wako humo ndani na spuli zake. Za ganda la kugandishwa unapasua pole pole na wembe, ukishazoea. Utepe ukikatika unaungwa na gundi tepu maalum ya kaseti kwa upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Selotepu ya ofisi inatoa gundi ikipata joto na inaharibu hedi, ila kwa kazi moja inafaa: kufunika yale matundu mawili ya juu ya kaseti ukitaka kurekodi juu yake tena. Na kwa kaseti ya sauti za familia fanya kinyume, vunja zile ndimi mbili ndogo kama bado zipo, hakuna mtu atabonyeza rekodi kimakosa tena.

Ukishaona inacheza safi, ihamishe kwa kompyuta siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kujiringa nayo. Waya kutoka tundu la hedifoni la redio, volyumu katikati, mpaka kwa kompyuta. Tundu la maiki la laptopu nyingi linachukua upande mmoja tu na linakwaruza, kale kaadapta ka sauti ka USB chenye tundu la kuingiza stirio ni bora zaidi. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi kwa faili ya WAV ya kHz 44.1, saa moja ya stirio inachukua kama MB 600, na uache iende upande wote bila kukata, hata pale unaposikia ni kimya, watu walikuwa wanaacha kaseti ikirekodi wakienda kupika na mambo matamu yako hapo. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama sauti ya kawaida inaweza kubanwa na kazi yako yote ya hedi iende bure. Na kama anayeongea kwa hiyo kaseti ni guka akigawa shamba mdomoni mwaka wa 1987, mpe shosho hedifoni asikie kwanza kabla hujaiweka kwa grupu ya familia.